Maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu The Dark Knight Rises, muvi ya mwisho ya Batman wa Nolan

Haya maswali nayapata kila mara, kwenye magrupu ya WhatsApp, barazani, hata harusini mtu anakuvuta pembeni anakuuliza kuhusu ule mwisho. Muvi imetoka 2012 na mpaka leo ukiitaja mbele ya vijana watatu wa hapa Unguja basi hamlali, kila mtu ana lake. Nimeamua niyaweke yote pahala pamoja na majibu yangu. Humu namwaga stori yote mpaka mwisho, kwa hio kama hujaitizama nenda katizame kwanza ndo urudi.

Hii ni ya ngapi? Lazima nitizame zile za mwanzo?

Ni ya tatu na ndo ya kufungia. Ya kwanza Batman Begins, 2005, ya pili The Dark Knight, 2008, na hii 2012. Dairekta wa zote ni Christopher Nolan, Batman (jina lake la kweli Bruce Wayne) yule yule Christian Bale, mzee Alfred aliyemlea yule yule Michael Caine, na Gordon, mkuu wa polisi, yule yule Gary Oldman.

Na ndio, lazima, tena hapa nasisitiza kwa sababu lawama nyingi ninazozisikia kwetu zinatokana na hili tu. Watu wengi hapa waliiona ya pili kwa ajili ya Joker, kila mtu alikuwa anaisifia, wakaruka moja kwa moja mpaka ya tatu na ya kwanza hawajaigusa kabisa. Sasa huyu mtu lazima vitu vimpite. Atauliza yule mzee wa ndevu aliyemtokea Bruce kule shimoni, ile jela alikotupwa na Bane, adui wa hii ya tatu, ni nani (Liam Neeson, ndo adui wa ya kwanza, Ra's al Ghul), atauliza Bane na watu wake kwa nini wanataka kuimaliza Gotham, mji wa Batman, nzima badala ya kuiba pesa tu wakaenda zao, na zaidi ya yote atauliza lile shimo lina maana gani. Kwenye ya kwanza Bruce akiwa mtoto mdogo alitumbukia kisimani akavunjika, baba yake akateremka kwa kamba akamtoa. Kwenye hii yumo shimoni tena, mtu mzima, baba hayupo, na akijifunga kamba ndo hapandi, mpaka aiache kamba. Hio ndo muvi yenyewe, imefungwa hapo, na mtu ambae hajaona kile kisima cha mwanzo anaona jamaa anaruka ukuta tu.

Mbona kwetu hakuna anaekumbuka siku ilipotoka?

Kwa sababu wiki ile hatukuwa na hamu ya sinema. Marekani ilitoka tarehe 20 Julai 2012. Tarehe 18 Julai, siku mbili kabla, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar, na haukutimia hata mwaka tangu MV Spice Islander ya Septemba 2011, ile iliyokuwa inakwenda Pemba. Watu wako bandarini wanasubiri maiti, majina yanasomwa, na Ramadhani inaingia wiki ile ile. Nani angeuliza kuhusu Batman.

Na huko kwao nako ilianza kwa msiba. Usiku wa kwanza kabisa, mji wa Aurora kule Colorado, mtu mwenye silaha aliingia ukumbini watu wakiwa wanatizama muvi hii hii akaua watu 12 na kujeruhi wengi. Kwa hio ukimsikia Mmarekani anaiongelea muvi hii kwa unyonge usimshangae, wapo ambao hawawezi kuitenga na ile habari.

Sie ilitufikia baadae kwa flashi, na nyingi zilikuwa zile za kuchukuliwa na kamera ndani ya ukumbi, kiza, vichwa vya watu vinapita, sauti inatoka kama iko ndani ya ndoo. Muvi yenyewe zaidi ya saa nzima imepigwa kwa kamera za IMAX, zile za picha kubwa kupita kiasi, halafu sie tukaitizama kwenye laptop na kiza chake. Mtu alieiona vile akaniambia mbaya, namwambia tafuta kopi safi uitizame tena ndo tuzungumze.

Haya, swali lenyewe: stelingi kafa au hajafa?

Hajafa. Mie nasema hajafa na nina ushahidi, sisemi kwa sababu tu kwenye muvi stelingi hafi.

Maana hapa ndo pana ugomvi. Sie tumekulia kwenye ile sheria, toka muvi za Kihindi na za makarate, kwamba stelingi atapigwa, atalia, atafiwa, lakini hafi, na akifa watu wanadai muvi mbovu. Kwa hio wapo wanaosema Nolan aliogopa tu kumuua, kamrudisha mwisho ili watu watoke na furaha. Na wapo upande wa pili wanaosema amekufa kweli, na ule mkahawa wa Florence, Italia, pale mwisho Alfred anapomuona Bruce amekaa na Selina, yule mwizi wa kike, ni mawazo ya mzee Alfred kwa uchungu.

Tuanze na ndege, ile aliyolibebea bomu la nyuklia mpaka baharini. Kwenye muvi nzima tunaambiwa ile ndege haina otopailoti inayofanya kazi, Lucius Fox, yule anaemtengenezea Batman vyombo vyake, anasema mapema kabisa. Mwishoni, Bruce keshazikwa, Fox anawauliza mafundi angefanya nini ili otopailoti ifanye kazi, wanamjibu imesharekebishwa miezi sita nyuma, na alierekebisha ni Bruce Wayne mwenyewe. Hio sini haina kazi nyengine yoyote mule ndani isipokuwa kukwambia jamaa hakuwa lazima awe ndani ya ndege. Halafu mkufu wa lulu wa mama yake, kwenye orodha ya mali haupo, na kule mkahawani Selina kauvaa. Sasa Alfred atauotaje shingoni mwa Selina? Halafu taa ya popo ya kumwitia Batman, juu ya paa la polisi, ilikuwa imevunjwa, Gordon anaikuta mpya. Nani kaitengeneza? Na Blake, yule polisi kijana, kaachiwa mzigo wa kumfikisha kwenye pango la Batman.

Wanaobisha wanashikilia kitu kimoja, kwamba tulimuona usoni akiwa ndani ya ndege na saa ya bomu imebaki sekunde tano. Sawa, tulimuona usoni, lakini hatukuoneshwa kama uso ule na sekunde zile ni wakati mmoja, na hatukuoneshwa pahala alipokaa. Nolan kakata picha kwa makusudi. Hapo nakubali kacheza na sisi na wengine wamekasirika, mie sikasiriki.

Na Christian Bale mwenyewe alishaulizwa, akasema kwa maoni yake ile si ndoto.

Lakini kuna la ziada ambalo kwangu ndo kubwa kuliko lulu na otopailoti. Alfred alishamwambia Bruce kwamba miaka ile saba aliyopotea, kila mwaka alikuwa anakwenda Florence, anakaa mkahawani kando ya mto, anatazama meza za wengine akitamani amuone Bruce ana mke, labda na watoto, wasisemezane, watizamane tu ajue kapona. Alikuwa hataki arudi Gotham. Mzee aliyelea mtoto wa watu anamuombea huyo mtoto asirudi nyumbani, kwa sababu anajua nyumbani ndo panapomuua. Sasa akifa kwenye bomu, basi dua ya yule mzee imepita bure na Bruce kafanya kile kile alichokuwa anakitaka toka mwanzo wa muvi, kufa. Yeye toka tunamuona na mkongojo wake alikuwa anatafuta pa kufia. Ushujaa kwake haukuwa kufa, kufa alikuwa keshakuzoea. Kigumu kilikuwa aishi, avae shati kama watu, anywe kahawa mchana. Nimewaona watu wazima wa huku, watu waliopoteza jamaa zao baharini, wanatokwa na machozi pale mzee Alfred anapoitikia kwa kichwa, na hakuna aliyewaelezea chochote.

Bomu la nyuklia linaripuka pale ghubani halafu kila mtu salama? Na samaki?

Hili aliniuliza kijana wa familia ya wavuvi, kutoka Mkoani, na sina jawabu la kuitetea muvi. Mlio ule, karibu vile na mji, upepo wa baharini unavuma kuja nchi kavu, maji yale watu wanavua, hapana, haiwezekani watu wasimame darajani wapige makofi. Ni kosa la muvi. Naipenda hivo hivo.

Karudi vipi Gotham hana pesa, hana paspoti, na madaraja yameripuliwa?

Watu wanalishika hili kama ndo kosa kubwa, na mie naona ni dogo. Rudi kwenye ya kwanza: Bruce alizunguka dunia miaka saba bila jina na bila pesa, akiiba, akilala na wahalifu, mpaka akafungwa jela Asia. Ndo kazi anayoijua. Kuingia mjini pia, huyu mtu miaka yote kazi yake kuingia pasipoingilika. Wangeweza kutuonesha dakika mbili, kweli, lakini muvi tayari ina saa mbili na dakika 45 na hizo dakika mbili bora alizipa shimo.

Lile jangwa analotokea kule juu, kwa wanaouliza, walipiga picha India, Jodhpur, na ile ngome inayoonekana kwa mbali juu ya mwamba ni Mehrangarh.

Mgongo umevunjwa, mtu kamwekea kamba na kumpiga ngumi moja ya mgongo, kapona. Kweli?

Hapana, si kweli, hata fundi wa kuunga mifupa wa shamba atakucheka. Ile ya kuvunjwa mgongo yenyewe inatoka kwenye katuni za Batman za 1993, ndo Bane alipojulikana dunia nzima, na huko kwenye katuni uponaji wake nao ulileta maneno. Kinachonibakia kwenye akili ni lile pambano lenyewe, kule chini ya mji kwenye maji. Sikilizeni vizuri, hakuna muziki. Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wake, kazima kila kitu, mnasikia maji na ngumi na Bane anaongea taratibu huku anampiga. Muvi za stelingi siku zote muziki unakwambia usijali atainuka. Hapa hakuna wa kukwambia. Nnakumbuka chumba kizima kimya, hakuna aliyesema "ngoja ataona", na sie watu wa kusema hatunyamazagi.

Kwa nini Wazungu walilalamika sauti ya Bane haisikiki?

Hili swali linatoka kwa wale walioitizama ya kutafsiriwa, maana wao walimsikia Bane kwa Kiswahili safi cha DJ, maneno yote, kinyago hakikuwazuia lolote. Ilikuwa hivi: Desemba 2011 walionesha kipande cha mwanzo, kile cha ndegeni, kwenye kumbi za IMAX, na watu wakatoka wanasema hawakufahamu neno anasema nini yule mwenye kinyago. Makelele yakawa makubwa. Muvi ilipotoka sauti ilikuwa imepandishwa, na ndo maana wengine wanasema inaskika kama haitoki mule chumbani, imekaa juu ya kila kitu.

Mie naipenda ile sauti ya Tom Hardy, aliyemuigiza Bane, ina adabu ya mtu mkatili. Na bila kuwadharau ma-DJ, kwa sababu wao ndo waliowafanya bibi zetu wamjue Batman, ile ya kutafsiriwa inakupa stori lakini inafunika zile nyakati za kimya, na muvi hii kimya chake ni nusu ya utamu. Itizameni mara ya pili na sabutaito.

Joker yuko wapi, mbona hata jina hatajwi?

Heath Ledger, aliyemuigiza Joker, alifariki Januari 2008, kabla hata ya muvi ya pili kutoka, na Oska akapewa 2009 keshazikwa, familia yake ndo iliyokwenda kuipokea. Nolan hakutaka kumweka mtu mwengine wala kumtaja Joker kwa ajili ya heshima ya marehemu. Wapo wanaosema ingetosha neno moja kwamba yuko jela. Mie nasema waacheni, mtu kazika rafiki yake.

Ile sehemu watu wanavamia nyumba za matajiri na kuhukumu watu, Nolan alikuwa anasema nini?

Marekani walibishana kuhusu siasa zao, maandamano ya Wall Street ya 2011 na kadhalika. Nolan na mdogo wake Jonathan walichukua mengi kwenye riwaya ya Charles Dickens kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, na pale kaburini Gordon anasoma maneno ya riwaya ile ile.

Lakini kwetu ile sehemu ina uzito mwengine na sitaki niipite. Kijana wa miaka ishirini anaiona ni muvi. Mtu mzima aliyekuwepo hapa Januari 1964, upande wowote aliokuwa, haitizami vile. Milango inavunjwa, samani zinatupwa nje, mtu jana bwana leo anaburutwa, na mahakama ambayo hukumu ishatoka kabla hujaingia. Nimekaa na wazee wawili, ndugu wa damu, wakaitizama sehemu ile, mmoja akasema waliokuwa chini walikuwa na haki ya kuchoka, mwengine akanyanyuka akenda kutia udhu kabla hata ya adhana. Hawakugombana. Lakini nikafahamu kwa nini lile jambo Nolan hakulimaliza vizuri: Bane anaongea habari za kuwapa wananchi mji wao na kumbe anao bomu la kuwaua wote, kwa hio yale malalamiko ya kweli ya watu masikini wa Gotham yanapotea hewani, hakuna anayeyajibu. Selina peke yake ndo alieyasema mwanzoni, pale wanapocheza na Bruce, kwamba dhoruba inakuja. Baada ya hapo anaingia kwenye kusaidia na habari inaisha. Hili kwangu ni pengo kubwa kuliko paspoti na mgongo vyote viwili.

Talia na Bane, mbona wamekufa kama kuku?

Nakubaliana na nyinyi. Bane tumemuogopa muvi nzima, anatokea Selina na ile pikipiki, bum, kwisha, hata kumzika kwa macho hatukumzika. Na kabla yake tunaambiwa kumbe mtoto aliyepanda shimo hakuwa Bane, alikuwa Talia, binti wa Ra's al Ghul aliyejiita Miranda, ambayo ni habari nzuri mno, machozi ya Bane pale ndo yanayomfanya mtu. Wangempa dakika moja zaidi. Kifo cha Talia nacho watu waliicheka sana ile namna alivyofumba macho, wakamlaumu Marion Cotillard aliyemuigiza. Mie namlaumu alieichagua ile picha akaiweka. Dada wa watu kaigiza siku nzima, hakuchagua yeye ipi iingie.

Mpira gani ule uliokuwa unachezwa uwanja ukatitia?

Mpira wa Kimarekani, wa mikono. Uwanja ni wa kweli, uko Pittsburgh, na yule anaekimbia na mpira huku ardhi inaporomoka nyuma yake ni mchezaji wa kweli, Hines Ward.

Blake ndo Robin?

Jina lake la kwenye karatasi ndo hilo, lakini si Robin yule wa katuni. Ni polisi yatima aliyemtambua Bruce kwa uso tu kwa sababu yeye mwenyewe alijifunza kuficha hasira namna ile ile. Watu wengi walisubiri muvi yake. Haikuja.

Naweza kuitizama na wazee na watoto?

Kuna sini moja Bruce na Miranda mbele ya moto, fupi, haioneshi mengi, lakini kama mko na mama ukumbini rimoti iwe karibu. Watoto chini ya miaka kumi mie siwashauri, shingo zinavunjwa na Bane anatisha kweli.

Ni nzuri kuliko The Dark Knight?

Kama muvi, hapana. Ya pili haina pa kushika, iliingia Oska mara nane ikachukua mbili, hii ya tatu haikuingia hata moja. Hii ina matundu nimeyataja mwenyewe. Ilipata pesa zaidi kidogo, zaidi ya dola bilioni moja dunia nzima, lakini pesa si hoja.

Ila ukiniuliza ipi narudi kuitizama, ni hii. The Dark Knight inamalizika na mtu anakimbizwa na mbwa. Hii ina ujasiri wa kumwachia mtu apumzike, na muvi za stelingi karibu zote zinaogopa hilo kwa sababu stelingi akipumzika hakuna ya kuuza mwakani.

Itakuja ya nne?

Haiji. Ben Affleck aliyeanza 2016 ni Batman mwengine, Robert Pattinson wa 2022 mwengine tena, stori zao haziungani na hii.

Nikitaka kuwaonesha wenzangu zote tatu nipange vipi?

Jumla ni saa saba na nusu na kidogo. Usiku mmoja msijaribu, ya tatu mtaitizama mmelala, na ndo inayotaka macho. Ya kwanza Alhamisi baada ya Isha, ya pili Ijumaa, ya tatu Jumamosi anzeni mapema, simu ziwekwe mbali, na yule ambae keshaiona akae nyuma asiseme kitu mpaka mzee Alfred afike mkahawani.